Upepo wa maada nyeusi: ishara ya kila siku ni ushahidi wa kutosha?

Mleta mada: Wakuu, jana barazani Ngamiani nilikuwa nawaeleza vijana jinsi wanafizikia wanavyozisaka chembe za maada nyeusi, ile maada isiyoonekana iliyojaa kwenye galaksi, tunayoijua kwa mvutano wake tu: wanahesabu migongano ya chembe hizo ndani ya kitambuzi, waone kama inazidi na kupungua kwa siku. Mzee mmoja mvuvi akanibana. "Mwalimu, kipi kisichopanda na kushuka? Maji yanajaa na kupwa, joto linapanda, umeme jioni unafifia. Mtajuaje?"

Jibu lipo. Jua letu linazunguka kitovu cha galaksi kwa takriban kilomita 220 kwa sekunde, likielekea upande wa kundinyota la Dajaja, kwa hiyo upepo wa maada nyeusi unatujia kutoka huko. Dunia ikijizungusha, upepo unageuka pembe. Lakini nyota hazifuati saa ya jua. Kilimia kikiwa juu ya mnazi wako leo saa tatu usiku, kesho kitafika hapo dakika 4 mapema. Miezi 6 ikipita, ni saa 12 nzima. Joto na umeme hufuata jua. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, mzee anajua kuliko mimi. Ishara inayowahi dakika 4 kila siku mwaka mzima utaisingizia nini?

Ndiyo maana naiamini kuliko ile ya mwaka, inayotokana na Dunia kulizunguka jua, mwendo wake dhidi ya upepo huo ukizidi na kupungua. Watafiti wa jaribio la DAMA, chini ya mlima Gran Sasso, Italia, wamedai kwa zaidi ya miaka 20 kuona ishara yenye kilele karibu na Juni. ANAIS ya Hispania na COSINE-100 ya Korea Kusini, wanaotumia fuwele za sodiamu iodidi kama DAMA, hawakuiona.

Mchangiaji: Shikamoo mwalimu. Hesabu nimeielewa. Ila shule zetu hazina maabara, kwa nini tusiwaachie wenye hela?

Mleta mada: Marahaba. Maabara za shule kwanza, hapo hatubishani. Ila tazama mahali tulipo. Gran Sasso Dajaja karibu haizami kabisa. Tanga, nyuzi 5 kusini mwa ikweta, inazama, na zaidi ya nusu ya siku upepo huo sharti upenye kwanza mwamba wa dunia kutokea chini ya upeo wa macho. Kama chembe hizo hugonga mwamba kirahisi, huku ndiko ishara itakakokatika waziwazi. Vitambuzi huwekwa chini ya ardhi ili mwamba uzuie miale ya angani inayovuruga hesabu: Australia wameshajenga maabara kwenye mgodi wa dhahabu wa Stawell, zaidi ya mita 1,000 chini. Sisi tuna Bulyanhulu.

Aliyewahi kufanya kazi chini mgodini atuambie unyevu ukoje. Fuwele za sodiamu iodidi hunyonya maji ya hewani zikaharibika.