Mjadala: Mashamba ya Njoro yaendelee kukatwa ploti?

Mwana wa Mkulima, Njoro

Majirani, hamjambo. Tangu jirani yangu auze ekari tatu zake za mwisho, nimekuwa na swali moja. Je, kaunti ya Nakuru ifunge kabisa njia ya kugeuza mashamba ya kilimo kuwa ploti za makazi hapa Njoro, au kila mtu aachwe auze chake? Mimi nasema ifunge. Asiyekubali anipinge, lakini anisikize kwanza.

Huu mji wetu haukuanza kama kitongoji cha mtu. Jina lenyewe ni la Kimaasai, lahusu chemchemi. Reli ya kutoka Mombasa ilipita hapa ikielekea Kisumu, ikafika ziwani 1901. Wamaasai wakahamishwa kutoka Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904, na Lord Delamere, mlowezi Mwingereza, akapata hapa kama ekari 100,000. Mifugo ikamfia. Akapanda ngano, ikashambuliwa na kutu, ugonjwa wa mimea. Hapo ndipo alipolipia utafiti wa kutafuta mbegu inayostahimili ugonjwa huo, na mwaka wa 1927 serikali ikajenga kituo cha mbegu papa hapa Njoro. Kituo hicho ndicho leo kiko chini ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo.

Nakitaja kituo hicho kwa sababu wengi wetu hupita langoni pake kwa matatu bila kujua kinachofanyika ndani. Mwaka wa 1998 kutu mpya ya shina ilionekana Uganda, ikatambuliwa rasmi 1999 na kuitwa Ug99, na ikawa inaangusha aina nyingi za ngano zilizokuwa zikitegemewa duniani. Tangu 2005, wataalamu wa nchi mbalimbali huleta mbegu zao zipandwe Njoro, ziambukizwe kusudi, ili zile zinazohimili zijulikane. Mahali pengine ulimwenguni mkulima anavuna leo kwa sababu mbegu yake ilijaribiwa kwanza katika udongo wetu. Ongeza Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza 1939 kama shule ya kufundisha ukulima. Sasa mji wa namna hii, sisi wenyewe tunaumwagia zege!

Fanyeni hesabu nami. Ploti ya hamsini kwa mia ni futi za mraba 5,000. Ekari moja ni 43,560. Ukitoa njia, unabaki na ploti saba, nane ukibana. Tangu Nakuru iwe jiji, tarehe 1 Desemba 2021, sijaona wiki bila vigingi vipya vya wapima ardhi shambani kwa mtu. Anayenunua anafanya kazi mjini, anarudi huku kulala. Njaa ya mwaka fulani inaweza kupita, lakini shamba lililofunikwa kwa msingi wa nyumba halirudi.

Binti wa Njokerio

Kaka, nimekusoma hadi mwisho na nakuheshimu, ila umeruka sehemu moja kubwa. Umetoka kwa Delamere ukatua kwenye ploti za leo. Katikati kulikuwa na nini? Kulikuwa na babu zetu waliochanga pesa kwenye makampuni ya kununua mashamba, wakanunua ardhi ya walowezi, wakaigawana. Kama mashamba yasingekatwa wakati ule, mimi nisingezaliwa Njoro. Kukata shamba ndiko kulikotupa kwetu.

Babu alipata ekari tano. Alikuwa na watoto saba. Kipande kisichofika ekari hakimlishi mtu na wala hakimsomeshi mtoto. Mama alijenga vyumba sita vya kupangisha wanafunzi wa chuo, na vyumba hivyo ndivyo vilivyonilipia karo. Ukifunga mlango leo, aliyekwisha kujenga anabaki na mali yake, na yule mjane ambaye hajajenga anabaki na mahindi yanayouzwa kwa bei ya kutupa. Hiyo ni haki?

Mzee wa Ngata

Mimi nilinunua ploti, wanangu, kwa hiyo nasema kama mnunuzi. Sijutii nyumba. Ninachojutia ni kwamba aliyeniuzia alichora njia kwenye karatasi tu. Nina choo cha shimo upande huu, jirani ana kisima upande ule, na kati yao hakuna hatua thelathini. Maji ya chini ya ardhi ya huku tayari yana floraidi, tazameni meno ya watoto wetu. Tukiongeza na uchafu wa vyoo, tutakunywa nini? Na Mto Njoro unatoka Mau unaishia Ziwa Nakuru, basi lolote tunalomwaga huku linafika kule.

Kwangu mimi, kukata si dhambi. Dhambi ni kukata bila maji, bila barabara, bila mahali pa taka.

Mwana wa Mkulima, Njoro

Dada, umenishika pabaya, na nakubali. Nilikosea kuruka enzi ya babu zetu, hata babu yangu mwenyewe alikuwa katika uchango huo. Ila naona tofauti moja ambayo siwezi kuiacha. Wao waligawana ili watu wengi zaidi walime. Sisi tunagawa ili pasilimwe tena. Na kuhusu mjane, tazama nani anapata faida: yeye anauza ekari mara moja kwa bei ya shamba, dalali anauza ploti nane kwa bei ya mji. Pesa ya mjane huisha kabla nyumba ya mnunuzi haijaezekwa. Nimeyaona kwa shangazi yangu.

Basi narekebisha hoja yangu. Kandokando ya barabara na karibu na chuo, watu wajenge, tena wajenge kwenda juu, ghorofa tatu, nne. Hosteli za Njokerio zibaki. Lakini kuanzia mabondeni kwenda juu upande wa Mau Narok, yaliko mashamba mapana, bodi ya ardhi ikatae. Mamlaka inayo: shamba la kilimo halikatwi bila kibali chake. Na Sheria ya Mipango ya 2019 inamtaka anayebadilisha matumizi ya ardhi awajulishe wananchi, nasi tuna haki ya kupinga. Hatupingi kwa sababu hatusomi matangazo.

Binti wa Njokerio

Hapo kwa shangazi umenigusa. Lakini ukimkataza kuuza, mtafutie basi mnunuzi wa maziwa na mahindi yake anayelipa kwa wakati. Mkinionyesha hilo, nitasimama nanyi mbele ya bodi.

Mzee wa Ngata

Mimi pia nitakuja. Nitabeba chupa ya maji ya kisima cha jirani.