Fidla za shule: kutoka muziki wa Ulaya hadi taarabu

Mwalimu, Tabora: Walimu wenzangu, habari za kazi. Wanafunzi wangu wa fidla na selo hupiga vyema muziki wa Ulaya wa karne ya 18, lakini tukiingia taarabu sauti hubaki kavu, ya kukatwakatwa. Nianzie wapi?

Jibu: Salama, mwalimu. Katika taarabu fidla zote hufuata wimbo mmoja, kila mpigaji akiupamba kidogo. Kwa hiyo ondoa karatasi za noti, waimbe ubeti kwanza, kisha waupige kwa upinde mrefu, kidole kikiteleza kuelekea noti inayofuata.

Jibu: Naunga mkono. Shingo ya fidla haina vigawanyo kama vya gitaa, hivyo hata robo sauti (nusu ya hatua ndogo kabisa ya piano) ya bayati, mojawapo ya mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu, inapigika, ingawa masikio yatachelewa kuizoea.

Mwalimu, Tabora: Ahsanteni. Jumatatu tutaanza kwa kuimba.