Naomba ushauri: je, ninaweza kuchelewesha jina la mwanachama mmoja kwenda CRB (kampuni zinazotunza kumbukumbu za wakopaji)?

Karani_wa_Mikopo: Wanajukwaa, hamjambo. Mimi ni afisa mikopo katika Sacco (chama cha akiba na mikopo) ya wakulima wa chai yenye leseni ya SASRA, mamlaka inayosimamia Sacco nchini Kenya, na kila mwezi mimi ndiye ninayeandaa taarifa tunazopeleka CRB. Mwanachama mmoja amefikisha siku 97 bila kulipa. Barua ya kumjulisha nimekwisha kuichapisha, lakini wiki ya pili sasa imo katika droo ya meza yangu. Je, si halali kumsubiri hadi bonasi ya chai ilipwe mwezi wa Oktoba?

MamaMaharagwe: Ninyi makarani mnacheza na majina ya watu. Mimi nilimaliza mkopo wa benki moja na risiti ninayo, lakini nilipokwenda kuomba fedha za kununua mashine ya kupozea maziwa, niliambiwa ningali mdaiwa, kwa sababu hakuna aliyepeleka taarifa kwamba nimelipa. Nilizunguka miezi minne. Mwonee huruma mtu huyo.

Wakili_Mstaafu: Pole, mama, ila kosa hilo na hili analotaka kulifanya ni la aina moja: taarifa isiyo kweli. Kanuni za CRB za mwaka 2020 ziliziingiza Sacco zenye leseni miongoni mwa watoa taarifa, na zinahusu taarifa nzuri pamoja na mbaya. Mkopaji hujulishwa siku 30 kabla ya jina lake kupelekwa kama mtu aliyeshindwa kulipa, na taarifa mbaya hukaa miaka 5 baada ya deni kumalizwa. Barua iliyofungiwa kwenye droo haimlindi, bali inamnyima siku zake 30 za kulipa au kujitetea. Lakini mbona unamuulizia mmoja? Waliopita siku 90 bila kulipa ni yeye peke yake?

Karani_wa_Mikopo: Wapo 14. Barua za wale 13 nimezituma.

Mzee_wa_Ushirika: Basi huyu ni nani wako?

Karani_wa_Mikopo: Ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, na mimi ni mmoja wa wadhamini wake watatu. Msinielewe vibaya, kwani alilazwa hospitali miezi miwili na majani yakakosa mchumaji. Tarehe ya malipo nimekwisha kuisogeza katika mfumo, jambo ambalo tumewahi kuwafanyia wengine.

Mzee_wa_Ushirika: Wengine walipitia kamati ya mikopo. Fedha hizo ni akiba za wanachama, na wadhamini wenzako wawili wana haki ya kujua kwamba akiba zao zimo hatarini.

Jicho_Pevu: Mimi naona kisa hiki kimetungwa. Afisa hashughulikii mkopo alioudhamini mwenyewe, wala hawezi kusogeza tarehe peke yake. Nadhani tunamwandikia mwanafunzi kazi yake ya chuo.

Karani_wa_Mikopo: Nilimdhamini nikiwa bado kaunta, kabla sijahamishiwa mikopo, na nywila ya meneja ninayo kwa sababu huniachia anaposafiri. Barua iko mbele yangu ninapoandika. Jina lake lina herufi moja iliyokosewa, kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, na dada huniambia kila mara nilisahihishe.

MamaMaharagwe: Jicho_Pevu, mwache. Mtu hatungi herufi iliyokosewa.

Wakili_Mstaafu: Nywila hiyo ni kosa la pili, tena kubwa kuliko la kwanza. Rudisha tarehe leo, mwambie meneja kwamba wewe ni mdhamini, kisha faili lishikwe na mwingine. Shemeji naye apeleke karatasi za hospitali kwa kamati, aombe kupangiwa upya malipo ndani ya siku hizo 30. Hiyo ndiyo njia halali ya kumsaidia.

Karani_wa_Mikopo: Tarehe nimeirudisha. Meneja anarejea kesho asubuhi. Barua nimeitia kwenye bahasha, lakini sijaamua kama nitaipeleka mwenyewe nyumbani kwa dada au nimkabidhi tarishi.