Makrobiotiki: nianzeje taratibu bila kuvuruga jiko la nyumba nzima?

Mama Pacha, Morogoro
Wanajamvi, habari zenu. Nina miaka 47, sukari ya asubuhi inacheza kwenye 9, natumia metformin, dawa ya kisukari. Wifi yangu wa Boston kanipigia simu anasifia makrobiotiki: nafaka zisizokobolewa nusu ya sahani, mboga, maharage kidogo, supu ya miso (rojo ya soya iliyochachushwa), mwani. Nyama, maziwa na sukari, kwaheri. Hata nyanya na biringanya hawazitaki! Nikajitosa mzimamzima. Jumatatu nikapika mchele wa kahawia, kufika Alhamisi tumbo limejaa gesi, baba watoto kahamia kwa mama ntilie, mapacha wananiuliza, "Mama, tumefilisika?" Nikaacha. Nataka kuanza upya, safari hii polepole. Nianzie wapi? Na mchuzi bila nyanya mnaupikaje?

Mzee wa Dona
Mwanangu, mimi ilinichukua miezi minane. Mwezi wa kwanza niligusa unga tu: sembe nusu, dona nusu, ili mke wangu asigome. Baadaye dona tupu. Kisha chai. Nilikuwa natia vijiko vitatu vya sukari, nikawa napunguza nusu kijiko kila wiki mbili. Nyama nimeigusa mwisho kabisa.

Gesi yako naijua. Mchele ule unalowekwa usiku kucha na maji yake yanamwagwa, kunde na choroko vilevile. Halafu tafuna! Wenyewe wanataka hata mara 50 kwa tonge. Mimi nikifika 20 taya zinagoma, ila hizo 20 tu zilitosha kunishibisha kwa sahani ndogo.

Nyanya sijaacha. Kwa Ohsawa, Mjapani aliyeueneza mlo huu, nyanya ina yin, yaani nguvu ya ubaridi, kupita kiasi. Mimi yin yangu sijawahi kuiona. Lakini haohao wanafundisha ule kinachoota karibu nawe kwa msimu wake, na hapo nawaunga mkono. Morogoro kuna mchicha, matembele, maboga, mlenda. Miso ya kuagiza ng'ambo ya nini?

Nesi Mstaafu
Mama Pacha, usiache dawa kisa wifi. Dona nayo ni wanga, ukijaza sahani sukari itapanda tu, kwa hiyo endelea kupima. Jingine: metformin ya miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12, na mlo usio na nyama, mayai wala maziwa unazidi kuishusha. Miguu ikianza kufa ganzi utasingizia sukari. Mwombe daktari akupime. Samaki wanaruhusiwa mara mojamoja, basi dagaa wasitoke jikoni. Ile ngazi ya Ohsawa ya nafaka tupu usiiguse. Mwaka 1965 kuna mwanamke alikufa Marekani akiifuata.

Bi Jambiani
Mwani tunaulima huku Unguja, lakini si ule Wajapani wanaotia kwenye supu. Wetu tunaukausha, mwingi unakwenda nje kutolewa kitu cha kugandishia vyakula na dawa ya meno. Usije ukanunua gunia bure, mwenzangu.

Mama Pacha, Morogoro
Shikamoo mzee, ahsanteni nyote. Leo nimechanganya dona nusu kwa nusu, pacha mmoja kauliza mbona ugali una madoadoa, lakini kamaliza. Nyanya zimerudi. Kipimo cha B12 nitamuuliza daktari kliniki ijayo. Wifi nimemwambia miso ataibeba mwenyewe akija.