Kapiga boneti makofi mawili, kasema turbo imekufa. BONETI HAKUFUNGUA!

Wakuu, naandika hapa mikono ina grisi na kifua kinachemka kuliko rejeta. Mnamjua, na msijifanye hamumjui. Yule fundi mwenye tochi shingoni mchana kweupe, anayesikiliza injini yako kwa sikio moja na simu kwa sikio la pili. Jina silitaji. Kila mwenye turbo humu ameshapita mikononi mwake.

Gari yangu nimepandisha boosti (presha ya hewa ambayo turbo inasukuma kwenye injini) kutoka 0.6 hadi bar 1.1, intakula (kipoza hewa ya turbo) kubwa, ekzosi pana, programu ya kompyuta ya injini imepangwa upya. Miezi mitano inakwenda kama imetumwa. Leo niko gia ya 3 nalipita lori, nakanyaga mafuta, nasikia "PAA!" halafu "fyuuuuu" kama tairi la trekta limetobolewa. Nguvu ikakata hapo hapo. Lori nililokuwa nalipita likanipita. Kwenye kilima nikapitwa na mwendesha baiskeli, akageuka kunitazama kwa huruma. Nyuma moshi mweusi kama nakokota tanuri la mkaa. Geji ya boosti inajikongoja mpaka 0.2 inalala.

Nikajikokota hadi kwa bwana yule. Nikamweleza yote kama mgonjwa mbele ya daktari: ilipiga paa, inapuliza, inatoa moshi mweusi, geji haipandi, taa ya injini imewaka. Dalili tano nimemwekea kiganjani! Akaizunguka gari mara moja. Akapiga boneti makofi mawili, pa, pa, kama anabisha hodi, na turbo ikamwitikia kutoka ndani kwamba yenyewe ni marehemu. Akasema, "Turbo imekufa. Tafuta nyingine."

BONETI HAKUFUNGUA.

Nikamwambia, fundi, skana ya kusoma makosa ya injini ile pale mezani kwako, chomeka basi tuone. Mbele ya watu sita akanijibu: "Kijana, skana ni ya wasiojua kazi." Wale sita wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nimesimama na ufunguo mkononi kama mtoto aliyetumwa dukani akapoteza hela.

Nimerudi nyumbani, nimeazima skana, imetoa msimbo wa kosa P0299: boosti haitoshi. Nimefungua boneti (inafunguka, wakuu, ina kishikio kabisa), nimevua kava la chini. Hozi ya kutoka turbo kwenda intakula imechomoka, inaning'inia kama ulimi wa mbwa. Basi! Turbo nimeichungulia, nimeushika mhimili kwa vidole: unazunguka laini, hausogei mbele na nyuma, mapanga hayajagusa ukuta. Ni nzima kuliko aliyeitangazia msiba. Nimefuta mafuta ndani ya hozi, nimerudisha, nimekaza klipu, geji imerudi 1.1. Dakika 40, na nusu ya hizo nilikuwa namtafuta paka aliyekalia bisibisi.

Na ule moshi mweusi ulikuwa unasema wazi. Hewa inapita kwenye sensa, inahesabiwa, kompyuta inamwaga petroli ya kutosha hewa yote hiyo, halafu hewa inatokea njiani kwenye hozi iliyochomoka. Petroli inabaki nyingi, hewa kidogo, ndiyo masizi yale. Fundi wa turbo asiyelijua hili anafungua karakana kwa ujasiri gani?

Makofi mawili. Pa. Pa.

---

Betri Imelala: Pole sana mkuu. Mimi aliniambia injini imekufa, tuanze kutafuta nyingine. Ilikuwa betri. Tena terminali tu, ilikuwa imelegea.

Gia ya Sita: Boneti yako alau kaigusa. Mimi alitoa hukumu kwa simu. Alisikia mlio kupitia spika akasema "hiyo ni pistoni". Pistoni gani, nilikuwa sijawasha gari, ule ulikuwa mlio wa geti.

Geji Mbili: Mleta uzi, samahani nitakuudhi. Umepandisha boosti karibu mara mbili, ukabakiza klipu zile zile zilizokuja na gari. Ulitegemea nini? Hewa ya kutoka kreki (tumbo la chini la injini) inabeba ukungu wa mafuta, hozi inateleza ndani kama samaki, klipu nyembamba inashika nini hapo? Unaweka klipu pana za kukaza kwa bolti, unafuta hozi ikauke, halafu unazipa hewa ya kompresa kwa kiasi cha boosti yako gari ikiwa imezimwa, unapaka maji ya sabuni kila kiungo. Panapotoa mapovu ndipo ugonjwa ulipo. Haya ni ya siku ya kufunga. Unayafanyaje siku ya kulia?

Mleta uzi: Klipu ni kosa langu, nakubali, kesho nabadilisha zote. Lakini mimi sikumpelekea klipu. Nilimpelekea gari. BONETI HAKUFUNGUA. Ningemsikiliza sasa hivi nimeshanunua turbo, nimeifunga kwenye hozi ile ile iliyochomoka, na gari bado inapitwa na baiskeli.

Sailensa Haitulii: Uzi mrefu kuliko ekzosi yako. Nimeishia kwenye paka.

Plagi Kavu: Nakazia alichosema Geji Mbili, ila si kila gari iliyokata nguvu ni hozi, vijana msije mkaanza kukaza klipu usiku kucha. Hozi inapuliza na boosti inashuka. Kama boosti inapanda vizuri lakini gari inakohoa ukikanyaga, angalia plagi kwanza. Mimi fundi wangu (siyo huyo wa tochi, mwingine, yule anayevaa miwani ya kuchomelea muda wote) alinibadilishia koili zote nne, zile za kupeleka umeme kwenye plagi. Nne! Gari ikaendelea kukohoa. Kumbe plagi zina uwazi wa milimita 1.1, boosti ikipanda cheche inapulizwa kama mshumaa. Nimezipunguza mwenyewe hadi 0.7, imetulia mpaka leo. Koili zangu za zamani alisema "ametupa". Juzi nimeziona kwenye gari ya shemeji yake.

Betri Imelala: 😂😂 koili zimeolewa.

Masega Yameziba: Nyie mnalia na mafundi wa spana, mimi nalia na yule wa kompyuta ndogo. Mnamjua, anakaa kwenye gari dakika kumi, anapakia programu, anakurudishia funguo. Hajaendesha hata hatua moja kurekodi chochote. Asubuhi kwenye ubaridi gari inavuta kama farasi, mchana wa jua haivuti hata pumzi. Hewa ikipata moto injini inaanza kugonga (mafuta yanajilipukia yenyewe ndani), sensa inasikia, kompyuta inachelewesha cheche kujiokoa, nguvu inapotea. Nikamrudia. Akaniambia, "Endesha usiku."

Gia ya Sita: "Endesha usiku" 💀

Masega Yameziba: Naapa. Kwa sauti ya upole kabisa, kama ananiagiza dawa.

Mleta uzi: Alau huyo wako alifungua kompyuta. Wangu alikuwa na skana mezani, imefunikwa kitambaa kama picha ya marehemu, akapiga boneti makofi.

Pampu Dhaifu: Mimi waliokaribia kuniua ni waosha magari. Gari imeingia inavuta, imetoka inatikisika kama mashine ya kusaga. Wamepiga injini maji ya presha, visima vya plagi vimejaa maji. Skana inasema P0302, silinda ya pili inamisi, yaani haichomi mafuta sawasawa. Nikawauliza nani amewatuma mwoshe injini? "Tulikuongezea, bosi." Walikuwa wanasubiri ahsante!

Sailensa Haitulii: Usinikumbushe waosha magari. Kuna mmoja kila nikienda anabadilisha kiti changu. Kila mara. Anakisogeza mbele mpaka usukani unanigusa kidevu, na kuosha anaosha kwa nje!

Plagi Kavu: Na redio? Kwa nini redio inabaki juu mwisho? Nimewasha gari asubuhi nusura nife.

Geji Mbili: Kapeti ya upande wa dereva waliniwekea ya gari nyingine. Inateleza inaingia chini ya pedali ya mafuta. Hapo sasa ndiyo utajua maana ya kukosa nguvu, unakanyaga na pedali haishuki. Nilivua bomba la hewa zima na sensa nikaisafisha kwa dawa yake kabla sijatazama chini.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. Watu SITA walicheka. Boneti ilikuwa imefungwa.

Pampu Dhaifu: Geji Mbili, kapeti hiyo ni nyeusi yenye mshono mwekundu?

Geji Mbili: Ndiyo.

Pampu Dhaifu: Hiyo ni yangu. Yako ninayo mimi, ya kijivu, imechanika kisiginoni.

Geji Mbili: Imechanika?! Ilikuwa mpya!

Sailensa Haitulii: Na kiti je, kuna mwenye kiti changu?