Naomba ushauri: gari la umeme kuwasha friji stima ikipotea

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Malindi, nimenunua Nissan Leaf iliyotumika Japani, betri ya kWh 40, yaani uniti 40 za umeme (ilivyochakaa, naihesabu 30). Usiku wa kwanza niliichaji kwa soketi ya ukutani ya sebuleni. Saa nane nikaamshwa na harufu ya plastiki. Plagi imelainika kama nta na ukuta una doa jeusi. Nyumba ni ya marehemu babu, waya ni za zamani, na chumvi ya bahari nayo haiachi chuma. Sasa nataka laini ya peke yake kutoka kwenye mita, yenye swichi yake na ethi (waya wa kwenda ardhini). Waya wa milimita ngapi utatosha kwa mita 18?

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Mke wangu anauza barafu na juisi ya ukwaju, na stima ikipotea mchana kutwa, hasara ni yetu. Friji, feni na taa hazifiki wati 300, yaani hata kWh 8 kwa siku nzima. Japani mashine ya kutoa umeme garini hadi nyumbani iliuzwa tangu 2012, lakini bei yake ni ya wenyewe.

Fundi mmoja ataka nichomeke waya wenye plagi pande zote mbili, kutoka garini hadi soketi ya ukutani. Nimemkatalia: umeme ukirudi nguzoni utaua mtu.

Je, kuna aliyefunga inveta ndogo (mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani) kwenye ile betri ndogo ya gari ya volti 12, gari likiwa limewashwa? Wati ngapi ulithubutu, na friji ilifanya kazi?