Kiwambo kimoja cha kuzuia sauti kwa bunduki za kaliba tofauti: nichague kipi?

Mtoto wa Kalenga:

Kamwene, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mzaliwa wa Kalenga, lakini kwa sasa nafanya kazi katika shamba la wanyamapori huko Limpopo, Afrika Kusini, na nipo nyumbani Iringa kwa likizo. Kazi yetu kubwa wakati wa baridi ni kupunguza swala pala kwa ajili ya nyama, nayo hufanyika usiku kwa taa, mpigaji akiwa nyuma ya pikapu. Mwenye shamba amechoka kuona kundi zima likitawanyika kwa mlio wa kwanza, kwa hiyo ameniagiza nimpendekezee kiwambo kimoja cha kuzuia sauti, yaani lile kopo linalofungwa kwenye mdomo wa mtutu, cha kwanza kabisa kwa shamba hilo, kitakachoweza kuhamishwa kutoka bunduki moja hadi nyingine.

Bunduki zote ni zake na ni nne. Kuna .223 (namba hizi ni kaliba, yaani takriban kipenyo cha risasi kwa inchi) ya mbweha na pala wa karibu, kuna .308, ambayo ndiyo inayoshikwa karibu kila usiku, kuna .300 Winchester Magnum ya tandala na pofu, na kuna .375 H&H ambayo hutoka kabatini pale tu panapokuwa na nyati aliyejeruhiwa. Kule kiwambo hakidaiwi leseni yake ya pekee kama inavyodaiwa bunduki, hivyo upande wa karatasi hautusumbui. Kinachonisumbua ni kwamba kila muuzaji anasifu chake, na sijui nianze kupima kwa kipenyo, kwa uzito au kwa namna kinavyofungwa. Jambo la pili ni la nyumbani: mzee wangu, ambaye mahindi yake huko Kilolo yanaliwa na nguruwe pori kila mwaka, ameuliza kama ninaweza kurudi na kimoja safari ijayo.

Fundi wa Mwanjelwa:

Ndugu, kabla ya kurudi Mbeya nilikereza vyuma kwa muda mrefu katika karakana iliyokuwa ikichonga nyuzi, yaani mikato ya skrubu ya kufungia kiwambo, kwenye midomo ya mitutu, kwa hiyo nitasema ninachokifahamu kwa mikono yangu.

Iondoe kwanza ile .375 kwenye hesabu. Kichwa cha risasi yake kina kipenyo cha milimita 9.5, wakati cha .308 na cha .300 ni milimita 7.8, na cha .223 ni 5.7 tu. Ukinunua kiwambo chenye tundu la kumpitisha mkubwa huyo, bunduki tatu zinazofanya kazi ya kila siku zitabeba chuma kizito na kipana kwa ajili ya moja inayolala kabatini. Tena mbele ya nyati aliyejeruhiwa sidhani kama kuna mtu atakayejali kelele.

Zinabaki tatu, na kwa hizo kiwambo cha kaliba ya .30 kinatosha. Risasi nyembamba hupita salama katika tundu pana, ila kinyume chake ni maafa: risasi ya .308 ikipigwa kupitia kiwambo kilichotengenezwa kwa .223 itavunja visahani vya ndani vinavyoizuia gesi na huenda ikaondoka na kipande cha kiwambo chenyewe. Hasara ya kutumia tundu pana kwenye .223 ni desibeli chache tu, na kwa kazi mliyonayo hamtaziona.

Hata hivyo kipenyo ni nusu ya habari, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Kwa kipenyo, .308 na .300 Winchester Magnum ni ndugu wa tumbo moja, lakini ya kwanza huchoma takriban gramu 2.9 za baruti na ya pili huchoma zaidi ya gramu 4.5. Gesi yote hiyo huingia kwenye kopo lile lile. Kwa hiyo soma karatasi ya mtengenezaji uone kama kiwambo kimeidhinishwa kwa magnum, yaani risasi zenye baruti nyingi, kwa kutajwa jina, na uone urefu wa chini wa mtutu aliouruhusu, maana mtutu uliokatwa mfupi hutoa gesi ikiwa bado na shinikizo kubwa na moto ambao haujaisha. Muuzaji akikwambia tu kwamba ni cha .30, muulize: ".30 ipi?"

Kuhusu nyuzi, usikubali kuambiwa kwamba kikiingia basi kinafaa. Nyuzi za nusu inchi zenye mizunguko 28 kwa inchi zipo kwenye .223 nyingi, lakini zipo pia kwenye .22 ndogo na hata kwenye mitutu ya milimita 9. Kiwambo chepesi cha .22 kitaingia vizuri kabisa kwenye .223 yako, na kitapasuka.

Mzee wa Mafinga:

Vijana, shikamooni mtaniamkia baadaye. Ngoja niseme kwanza.

Nimefanya kazi ya uwindaji wa kitalii upande wa Rungwa kwa miaka mingi, na wageni waliotoka Norway na Finland walizungumza kuhusu viwambo kama sisi tunavyozungumza kuhusu mikanda ya bunduki, maana kwao ni kifaa cha kawaida cha mwindaji. Jambo hili si jipya. Aliyepata hataza ya kiwambo kilichouzwa sana kwa mara ya kwanza ni Hiram Percy Maxim wa Marekani, mwaka 1909, naye ni mtoto wa yule Maxim aliyebuni bombomu. Baba alileta kelele, mwana akatafuta namna ya kuipunguza.

Ninatofautiana kidogo na fundi. Kiwambo kinachohamahama kina tabu zake, na tabu kubwa ni shabaha. Ukining'iniza nusu kilo kwenye mdomo wa mtutu, mtutu hautetemeki tena kama ulivyokuwa ukitetemeka, na risasi itaangukia mahali pengine: mara nyingi sentimita chache chini katika mita 100, na kwa bunduki nyingine pembeni kabisa. Habari njema ni kwamba bunduki iliyo nzima hurudia kosa lile lile kila mara kiwambo kinaporudishwa. Habari mbaya ni kwamba kila bunduki ina kosa lake, na usiku wa manane, wakati pala amesimama kwenye taa na mnalenga kichwa ili nyama isiharibike, hakuna atakayekumbuka kosa la ipi ni lipi. Kwa maoni yangu mwenye shamba anunue kiwambo chepesi kikae kwenye .308 moja kwa moja, darubini irekebishwe kikiwa kimefungwa, na mambo ya .223 na .300 yasubiri msimu mwingine.

Kuhusu mzee wako wa Kilolo, mwambie hapana, na umwambie leo. Njia yako ya kurudi inapita Zimbabwe na Zambia kabla ya kufika Tunduma, na kila nchi ina sheria yake kuhusu kifaa hicho, hata kama ulikinunua dukani kihalali na una risiti mfukoni. Hapa kwetu kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 pamoja na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na ofisa wa mpakani akikuta kiwambo ndani ya begi hataanza kwa kukuuliza habari za nguruwe. Mwenye haja ya kweli aende polisi kwa aliyepewa dhamana ya usajili wa silaha, aulize kwa maandishi na ajibiwe kwa maandishi. Wanaokula mahindi wapelekewe ofisa wanyamapori wa wilaya.

Nesi wa Tukuyu:

Naomba niingie kwa upande wa masikio, kwa sababu naona neno "kuzuia" limewafanya wote wasahau kwamba hakuna kinachozuiwa chote.

Mlio wa .308 isiyo na kiwambo hufika takriban desibeli 165 karibu na mpigaji. Kiwambo kizuri huondoa kati ya 20 na 35. Kiwango ambacho wataalamu wa usikivu hukichukulia kuwa mpaka wa hatari kwa mlio wa ghafla ni desibeli 140, kwa hiyo baada ya gharama yote hiyo mnakuwa mmesogea karibu na mpaka, pengine chini yake kidogo. Zaidi ya hapo, kiwambo hushughulika na gesi inayotoka mdomoni tu. Risasi yenyewe hutoka kwa mwendo wa mita 800 au zaidi kwa sekunde, wakati sauti husafiri takriban mita 340, na ule mchapo wa risasi inayoipita sauti husikika njia nzima bila kujali mmefunga nini. Faida kubwa ni wanyama kutotambua mlio umetokea wapi, na majirani kulala.

Kwa hiyo vizibo vya sponji viendelee kuvaliwa, na vivaliwe ipasavyo. Wengi huvipachika tu mlangoni mwa sikio, vikachomoza kama uyoga, halafu wanashangaa kichwa kinalia hadi asubuhi. Kiviringishe kati ya vidole hadi kiwe chembamba bila mikunjo, pitisha mkono mwingine juu ya kichwa uvute sikio kwenda juu na nyuma, kisukume ndani, kisha ukishikilie kwa kidole mpaka kitanuke. Chembechembe za sikio la ndani zikifa hazioti tena. Na anayeshika taa pembeni ya mpigaji, ambaye mara nyingi ni kijana asiyepewa chochote, naye apewe.

Mtoto wa Kalenga:

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Suala la nyumbani nimelifunga. Nimemweleza baba na amekubali, ingawa kwa manung'uniko.

Nimempigia mwenye shamba akasoma maandishi yaliyo kwenye mitutu. Ile .223 ina nyuzi za nusu inchi kwa 28, .308 ina za tano kwa nane za inchi kwa 24, na .300 ina za M18 (kipenyo cha milimita 18) kwa milimita moja. Amesema hoja ya mzee kuhusu shabaha ameielewa, lakini bado anataka uwezekano wa kuhama kwa sababu .300 humwumiza bega na amesikia kiwambo hupunguza teke. Je, nyuzi tatu tofauti zinawezekana kwa kiwambo kimoja? Na titani inastahili bei yake?

Fundi wa Mwanjelwa:

Inawezekana. Tafuta kiwambo ambacho kitako chake cha nyuma hufunguka na kubadilishwa, halafu ununue kitako kwa kila aina ya nyuzi. Usinunue vile vipete vya kuunganisha nyuzi ndogo na kubwa vinavyouzwa rahisi, kwani kila kiungo kinachoongezwa ni nafasi nyingine ya kupinda. Ni kweli pia kwamba teke litapungua, na kwa .300 atalihisi.

Mkikipata, fanyeni ukaguzi kabla ya kupiga hata risasi moja. Kiwambo lazima kikae kwenye bega la mtutu, yaani ile ngazi iliyo nyuma ya nyuzi, na kisiishie kwenye nyuzi zenyewe. Paka bega wino wa kalamu nene, funga kwa mkono hadi mwisho, fungua, kisha tazama: wino ukiwa umefutika duara zima, bega limenyooka, ukifutika upande mmoja tu, mpelekee fundi wa bunduki. Baada ya hapo hakikisheni bunduki haina risasi, pitisheni ufito wa kupimia ulionyooka ndani ya mtutu hadi utokee mbele, muone kama umekaa katikati ya tundu. Na baada ya risasi za kwanza za majaribio, mulikeni ukingo wa tundu la kutokea risasi. Masizi yaliyoenea sawasawa ni mazuri. Mkwaruzo mmoja unaong'aa, hata uwe mdogo kama ukucha wa mtoto, maana yake risasi inagusa, na hapo kazi isimame.

Titani ni nyepesi kuliko chuma cha pua kwa zaidi ya theluthi, na kwa bunduki inayobebwa mkononi siku nzima ningeilipia bila kusita. Ninyi mnapiga kutoka kwenye pikapu, bunduki ikiwa imeegemea, na usiku titani hutoa cheche. Aluminiamu ni nyepesi zaidi na bei yake ni nafuu, lakini gesi ya magnum huila visahani. Kwa kazi hiyo ningechukua chuma cha pua, au kile ambacho kisahani cha kwanza ni cha chuma na vilivyobaki ni titani, kwa sababu kisahani cha kwanza ndicho kinachopokea moto wote.

Kuhusu urefu, mkipima mtutu pamoja na kiwambo mkaona bunduki imekuwa ndefu mno kugeuzwa kwenye pikapu, kuna aina ambayo sehemu yake kubwa hurudi nyuma na kuuvika mtutu kama ala. Ila mpime kwanza unene wa mtutu, kwani mitutu mizito haiingii humo.

Mzee wa Mafinga:

Marahaba, mwanangu. Kwa kuwa bosi wako amekwisha kuamua kukihamisha, basi kila bunduki ipigwe shabaha ikiwa nacho na ikiwa bila nacho, katika mita 100, kikiwa baridi, na tofauti iandikwe kwa rangi kwenye kitako cha bunduki husika, maana daftari huachwa nyumbani. Kikihamishwa, mtu apige risasi moja ya kuhakiki kabla ya kutoka lango la shamba. Msikifungue kikiwa cha moto kwa mkono mtupu, wala msikilaze juu ya turubai. Mkimaliza kazi, kifunguliwe na kikaushwe usiku ule ule, kwa sababu unyevu ukichanganyika na masizi huanza kula mdomo wa mtutu, na .308 hiyo bado mnaihitaji.